Modeli mbili, data ileile: jibu kwa mwanafunzi aliyekwama na angahewa ya Enaiposha

"Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa mwisho, nasoma fizikia, projekti yangu ni angahewa ya sayari GJ 1214 b, ile iliyopewa jina Enaiposha. Nimeweka petitRADTRANS (programu ya kukokotoa mwanga unaopita kwenye angahewa) kwenye laptopu yangu (RAM ni 8 tu), nikachukua zile data za darubini ya angani Hubble zilizotoka 2014 nikaanza kujaribu modeli. Ya kwanza niliweka haidrojeni nyingi na mawingu juu kabisa, mstari ukapita kwenye nukta vizuri sana, nikafurahi. Juzi nikajaribu mvuke wa maji karibu mtupu, mawingu nikayashusha kidogo, nayo ikapita vilevile! Sasa nimechanganyikiwa. Mwenzangu chumbani ananiambia hizi modeli ni kubahatisha tu, hakuna chombo kilichofika huko wala kitakachofika. Je, nikienda kwenye modeli ya 3D ndo nitapata jibu moja? Msimamizi wangu ni mtu wa semikondakta, hii mada haijui sana. Au nibadilishe mada kabla muda haujaisha?"

Marahaba mdogo wangu. Kwanza tulia, hakuna ulichoharibu. Kilichokukuta wewe kimewakuta watu wenye kompyuta zinazojaza ukumbi mzima, tena kwa sayari hiyohiyo. Naona umebeba maswali matatu kwa pamoja: kama modeli zinaaminika, kama 3D itakutoa hapo ulipo, na kama projekti yako ina kitu cha kusema. La mwisho nakujibu hapahapa, usibadilishe mada. Majibu mawili kutoka kwenye data moja ni matokeo kamili, ila lazima ueleze yametokeaje, na maelezo hayo ndo fizikia yenyewe.

Kwa wasomaji wengine ambao hawaijui: Enaiposha iko kama miaka ya nuru 48 kutoka hapa, iligunduliwa 2009, na jina lake pamoja na la nyota yake Orkaria ni ya Kimaasai, yalipendekezwa na timu ya Kenya kwenye shindano la Umoja wa Kimataifa wa Astronomia la 2022. Ina uzito wa Dunia 8 hivi na kipenyo mara 2.7 ya Dunia, inaizunguka nyota ndogo nyekundu kwa siku moja na nusu na ushee. Ukigawanya uzito kwa ujazo unapata kitu chepesi kuliko mwamba, lakini wepesi huo hauna jibu moja, inaweza kuwa mwamba uliovikwa haidrojeni nyingi au dude lililojaa maji, vyote vinakubali. Ndo maana watu wakaenda kutafuta jibu kwenye angahewa.

Sasa tunachopima ni nini hasa. Sayari ikipita mbele ya nyota inaziba kama asilimia 1.3 ya mwanga, na kwenye zile rangi ambazo gesi ya angahewa inanyonya mwanga, sayari inaonekana pana kidogo kwa hiyo inaziba kidogo zaidi. Hiyo "kidogo zaidi" ndo data yako yote. Ukubwa wake unategemea angahewa imetanuka kiasi gani, na hilo unalipata kwa hesabu ya mstari mmoja: joto mara namba ya Boltzmann, gawanya kwa uzito wa wastani wa molekuli mara mvutano wa sayari. Jibu lake ni kile kimo ambacho ukikipanda presha inashuka karibu mara 2.7. Fanya mwenyewe kwa joto la kelvini 580 na mvutano wa mita 10.8 kwa sekunde ya mraba, ukiweka haidrojeni na heli unapata kilomita 190 hivi, ukiweka mvuke wa maji unapata kilomita 25 tu, manake molekuli ya maji ni nzito karibu mara 8 ya huo mchanganyiko. Kwa Dunia yetu ni kama kilomita 8. Ukizigeuza hizo kilomita kuwa mwanga unaozibwa, kimo kimoja cha angahewa ya haidrojeni ni kama sehemu 300 kwa kila milioni, cha maji ni kama sehemu 40. Andika namba hizi ukurasa wa kwanza wa sura yako ya matokeo kabla hujaweka grafu yoyote, msomaji akiziona tu ameshaelewa nusu ya tatizo.

Angalia sasa kinachotokea. Hubble ile ya 2014, kazi iliyoongozwa na Laura Kreidberg, ilikuta mstari ulionyooka, hakuna kilima cha maji pale kwenye mikroni 1.4 ambapo wote tulitegemea kukiona. Ni kama kumsikia mtu anaongea upande wa pili wa ukuta na sauti inakuja hafifu, hujui kama yeye ndo anaongea chini au ukuta ndo mnene. Haidrojeni ina sauti kubwa kwa hiyo inahitaji ukuta mnene, yaani mawingu au ukungu juu kabisa, na maji yana sauti ndogo tayari kwa hiyo ukuta wa kawaida unatosha. Laptopu yako haijakosea popote, imekuambia ukweli kwamba kati ya mikroni 1.1 na 1.7 peke yake vitu hivi viwili havitenganishiki. Kitu ambacho zile data zilikataa kwa nguvu ni angahewa safi isiyo na mawingu wala ukungu, hata ya maji matupu, kwa sababu zile sehemu 40 kwa milioni Hubble ingeziona. Hilo ni jambo kubwa na watu wengi wanalipita haraka. Jaribu na wewe, ondoa mawingu kabisa kwenye modeli zote mbili uone zinavyoanguka, hiyo ni grafu yako ya tatu.

Kwa hiyo kosa la kwanza la kurekebisha ni lile ulilolisema kwa furaha, kwamba mstari umepita kwenye nukta. Kupita kwenye nukta ni kazi rahisi sana ukiwa na parameta za kutosha. Modeli inapata thamani kwa vile vitu inavyovikataa, na kwa kile inachokisema kabla hujapima. Mstari unaoweza kujikunja kufuata data yoyote ile haujakufundisha kitu kuhusu Enaiposha.

Kosa la pili limejificha zaidi na nadhani hujaliona. petitRADTRANS ulivyoitumia wewe haitafuti joto la sayari, ni wewe uliyeipa joto, ukaipa kiasi cha maji, ukaipa kimo cha mawingu, yenyewe ikakokotoa mwanga tu. Haijui kama hilo joto linawezekana kwenye sayari iliyo umbali ule na nyota ile, haijui kama hayo mawingu yana kitu cha kuyatengeneza. Uzuri wake ni kwamba haikulazimishi uamini kemia ya mtu yeyote, ubaya wake ni kwamba inakubali hata sayari isiyoweza kuwepo. Upande wa pili kuna modeli zinazojitafutia joto zenyewe, kama programu za PICASO na ATMO, au zile jedwali za Sonora zenye modeli zilizokwisha kukokotolewa. Humo unagawa angahewa kwenye tabaka 50 mpaka 100 hivi, toka chini kwenye presha ya makumi au mamia ya bar mpaka juu ambako hakuna karibu kitu, unakisia joto la kila tabaka, unakokotoa kemia, unakokotoa mwanga unaopanda na unaoshuka, halafu unauliza kila tabaka: nishati inayoingia ni sawa na inayotoka? Kama sio sawa unarekebisha joto unarudia, na pale joto linapopanda kwa kasi sana ukienda chini kiasi kwamba gesi lazima ichemke na kupinduka, unaiacha konveksheni ibebe nishati. Unarudia mpaka kila tabaka likubali. Huko huwezi kuchagua joto unalolipenda, na hapo ndo modeli inaanza kukukatalia mambo.

Mawingu bado ndo yanatusumbua wote, sitakuficha. Njia inayotumika sana ni ile ya Ackerman na Marley ya 2001, yaani unalinganisha upepo unaopandisha chembe na uzito unaozishusha, na uwiano huo unafupishwa kwenye namba moja, ikiwa ndogo wingu linakuwa nene na refu, ikiwa kubwa chembe zinanyesha mapema na wingu linabaki jembamba. Namba moja kwa wingu zima la dunia nyingine! Inafanya kazi kuliko inavyostahili, lakini ukiitumia sema wazi kwamba umeichagua, haijatoka kwenye misingi ya fizikia yenyewe.

Sasa tuje kwa mwenzako chumbani, manake hoja yake ni ya maana na inastahili jibu la heshima. Kama hii kazi ingekuwa kubahatisha, tungekuwa tunakosea ovyo kila darubini mpya inapokuja. Mwaka 2002 Adam Showman na Tristan Guillot walikokotoa kwamba kwenye Jupita za moto, zile sayari kubwa zilizo karibu kabisa na nyota zao, upepo wa ikweta utavuma kuelekea mashariki kwa kasi ya kilomita nzima au zaidi kwa sekunde, na kwa hiyo sehemu yenye joto kuliko zote haitakuwa pale jua lao linapopiga wima bali itasogea mashariki. Wakati huo hakuna aliyewahi kuona uso wa sayari kama hiyo. 2007 timu ya Heather Knutson ikaielekeza Spitzer, darubini ya angani ya infraredi, kwenye Jupita ya moto HD 189733 b kwa zaidi ya saa 30 mfululizo, ikachora ramani ya joto, na doa la moto likawa limesogea mashariki. Pembe yenyewe haikuwa ileile waliyoikokotoa, mwelekeo ndo ulikuwa uleule. Na ili usije ukadhani nakuuzia kitu, kuna sayari inaitwa CoRoT-2 b ambayo doa lake lilipimwa likiwa limesogea magharibi, na hilo mpaka leo linawaumiza watu wa modeli vichwa.

Mfano ninaoupenda zaidi lakini ni wa vibete kahawia. Hivi ni vitu vilivyo kati ya sayari na nyota, kuanzia uzito wa Jupita 13 hivi mpaka chini kidogo ya 80, vinazaliwa vya moto na kwa kuwa haviwezi kuendelea kuunguza haidrojeni vinapoa tu maisha yao yote. Ukijua uzito na umri, modeli inakuambia kinapaswa kung'aa kiasi gani leo. Gliese 229 B kilitangazwa 1995, kilikuwa cha kwanza kuonekana na methani kwenye spektra yake (mwanga wake uliogawanywa rangi kwa rangi), kiko miaka ya nuru 19 tu. Miaka ya karibuni watu wakaupima uzito wake kwa jinsi kinavyoivuta nyota yake, wakapata Jupita 71 hivi. Shida ikawa kubwa, kitu cha uzito huo hakiwezi kuwa kimepoa na kufifia kiasi kile ndani ya umri wa mfumo wake, modeli zote zilikataa. Wengine wakasema labda modeli za kupoa zina hitilafu. 2024 darubini za VLT kule Chile zikaunganishwa zitazame kwa makini, wakakuta sio kimoja! Ni viwili, kimoja Jupita 38 hivi na kingine 34, vinazungukana kila siku 12. Ukigawa uzito ule kwa vitu viwili mwangaza unakubali vizuri kabisa. Yaani modeli ilikuwa inalia miaka yote kwamba hapa kuna kitu hakiko sawa, na ikawa na haki. Msimulie mwenzako hiyo, kisha umuulize kubahatisha gani kunakofanya hivyo.

Kuhusu 3D, jibu langu ni hapana, kwa wewe na kwa sasa. Modeli za 3D zinatatua mwendo wa gesi kwenye gridi nzima inayozunguka, hatua kwa hatua, na lazima uziache zikimbie kwa maelfu ya siku za sayari mpaka upepo utulie, na bado kule chini kwenye presha kubwa joto halitulii kwa muda huo. Hiyo ni kazi ya klasta, yaani kompyuta nyingi zilizounganishwa zenye maprosesa mamia, sio laptopu ya RAM 8. Lakini hata ningekupa klasta leo isingekusaidia, kwa sababu tatizo lako sio idadi ya pande. 3D ina parameta zilezile za mawingu na kemia na zaidi yake, ukiilisha data ileile ya Hubble utarudi na majibu mawili tena, safari hii yamechukua miezi.

Kinachotenganisha majibu ni data ya aina nyingine, na kwa Enaiposha ilishapatikana. Darubini ya angani James Webb iliitazama kwa infraredi karibu saa 40 bila kukatisha, mzunguko mzima, kazi ya Eliza Kempton na wenzake iliyotoka 2023. Hapo hawakupima mwanga wa nyota unaopenya pembeni, walipima joto la sayari yenyewe, mchana wake na usiku wake. Mchana ukawa kelvini 553, usiku 437. Tofauti hiyo ya zaidi ya nyuzi 100 ni kubwa kuliko ambavyo angahewa ya haidrojeni nyepesi ingeruhusu, manake hiyo ingesambaza joto vizuri mpaka upande wa usiku, kwa hiyo mzani ukaegemea angahewa nzito. Na ukijumlisha joto lote linalotoka unakuta sayari inarudisha angani karibu nusu ya mwanga inaoupokea, kwa hiyo ukungu wake unaakisi sana, sio ule mweusi kama masizi ambao wengi waliuwazia. Hapa modeli za 3D ndo zilifaa, kutafsiri mchana na usiku, kwa sababu kipimo chenyewe kilikuwa na pande.

Ushauri wangu ni huu. Baki na modeli zako mbili, weka matokeo ya Webb kama shahidi wa tatu. Huhitaji kuiga modeli yao, chukua hizo joto mbili ufanye hesabu ya mizani ya nishati kwa mkono, uone ni mwanga kiasi gani lazima uakisiwe, halafu uulize ipi kati ya modeli zako inaweza kubeba ukungu wa namna hiyo na bado ikatofautiana mchana na usiku. Hiyo inatosha kabisa kwa projekti ya shahada ya kwanza na ni kweli tupu.

Kabla ya hapo lakini, ijaribu mashine yako. Tengeneza data za uongo: chagua angahewa unayoijua, kokotoa spektra yake, mwagia kelele ya ukubwa uleule wa Hubble, halafu jifanye hujui na uitafute upya. Kama ulianza na maji asilimia 90 na programu inakuletea chochote kuanzia 1 mpaka 90, umeshajua data za namna hiyo zinaweza kusema nini na haziwezi kusema nini. Ukipata muda zaidi fanya zoezi hilohilo kwa kibete kahawia, spektra zake ni tamu kuanzia nazo kwa sababu hakuna nyota jirani ya kukuchafulia, na jedwali za Sonora ziko wazi kwa kila mtu kupakua.

Kwenye memori tumia ile hali ya jedwali zilizobanwa, yenye uwezo wa kutenganisha rangi wa 1000, usiguse ile ya mstari kwa mstari, itakula RAM yote na laptopu itaganda. Na angalia sana jedwali za ufyonzaji wa mwanga umezitoa wapi, hapa ndo vijana wengi wanaumia bila kujua. HITRAN ya kawaida, hifadhi ya mistari ya ufyonzaji wa gesi, imeandaliwa kwa joto la Duniani na kwa molekuli zinazogongana na hewa yetu. Kwenye joto la juu kuna mistari mingi ambayo kwetu hapa haionekani inaamka, kiasi kwamba jedwali moja la methani la ExoMol (hifadhi nyingine, ya joto la juu) lililotoka 2014 lina karibu mistari bilioni 10. Ukitumia la Duniani kwa kibete cha kelvini 1000, angahewa yako itakuwa inapenyeza mwanga kuliko kawaida, halafu utaongeza mawingu kuziba pengo ambalo halipo. Jambo jingine, Orkaria ni nyota yenye madoa, na madoa yanaweza kuinua au kushusha nukta zako kidogo, litaje hata kama hulikokotoi.

Msimamizi wako wa semikondakta usimdharau, yeye anajua kupima kosa la kipimo na kumbana mtu kwenye hesabu, mpelekee ile hesabu ya kilomita 190 na 25 mkae chini mezani. Ila kuna mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi, unahitaji mtu wa kukaa naye ubavuni. Kama joto la modeli yako linapanda na kushuka bila kutulia kila ukirudia, kama ukibadilisha idadi ya tabaka jibu linabadilika sana, au kama huwezi kueleza kwa maneno yako kila parameta inafanya nini, basi nenda kwenye idara ya metorolojia. Watu wa hali ya hewa wanatumia hesabu hizihizi za mwanga kupenya kwenye gesi, tofauti ni sayari tu, na mwalimu wa metorolojia anaweza kuona kwa dakika chache kosa ambalo sisi kwa maandishi tungelitafuta wiki mbili. Nenda na grafu zilizochapishwa, usiende na laptopu tu. Na kama ukifika shahada ya pili bado una hamu na 3D, hapo ndo utafute msimamizi wa fani hii na klasta, usijifundishe peke yako gizani.

Siku ya kutetea, weka grafu za modeli zote mbili kwenye ukurasa mmoja, skeli ya wima ileile, nukta zilezile, na ya tatu isiyo na mawingu chini yake. Watakuuliza ipi ni sahihi. Waambie Hubble peke yake haiwezi kuchagua, waonyeshe kwa nini, kisha uwafungulie ukurasa wa Webb.